Siku Boti Iliponiacha Kisiwani

Nimefundisha jiografia Kibaha kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na katika miaka yote hiyo nimechora visiwa ubaoni bila kukanyaga hata kimoja. Kila tulipofika kwenye somo la bahari alikuwepo mwanafunzi wa kuuliza, "Madam, wewe ulishafika Unguja?" Nami nilijibu kwamba nitakwenda likizo ijayo. Likizo zilikuja zikapita. Nyingi nilizimalizia Kurui, kule Kisarawe nilikozaliwa, nikipalilia mihogo na mama, kisha nikarudi Visiga kwenye nyumba yangu kusubiri shule ifunguliwe.

Kwa hiyo rafiki yangu mwenye duka alipoandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba amepata boti ya kitalii yenye vyumba vya kulala, na kwamba wanawake saba wazima tutazunguka visiwani kabla magoti hayajagoma kabisa, nilisoma ujumbe ule nikiwa nimesimama jikoni, nikaandika palepale, "Mimi nipo." Nilijibu kabla ya wote. Baadaye mmoja wao aliniambia kwamba walishangaa, maana walikuwa wameshaamua mioyoni mwao kuwa nitakataa.

Sisi saba tulianza kazi pamoja tukiwa wasichana, kwenye shule moja ya sekondari, tukakaa nyumba moja ya walimu nyuma ya bwalo. Jiko lilikuwa moja, ndoo za maji mbili, na kanga zilizunguka kiasi kwamba hakuna aliyejua ipi ni ya nani. Wengi waliacha ualimu baadaye. Mmoja akafungua duka la vifaa vya ujenzi Maili Moja, likamkubali. Huyo ndiye ninayemwita mwenye duka, na ndiye aliyekuwa akipanga kila kitu chetu tangu tukiwa vijana. Mwingine, ambaye tulilala chumba kimoja mpaka alipoolewa, sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Wengine wanne wana kazi zao za ofisini na za hospitali, na familia zao. Simtaji mtu jina hapa. Wote wapo hai, na hakuna hata mmoja aliyenikosea kwa makusudi.

Mimi ndiye niliyepotea kwanza. Mama alipopata kiharusi nilimtoa Kurui nikamleta Visiga, nikawa natoka darasani nakimbilia nyumbani kumgeuza, kumlisha, kumbadilisha nguo. Mume tulishaachana zamani, na kijana wangu wa pekee alikuwa ameanza kazi Mbeya. Marafiki walikuwa wakikutana kila mwisho wa mwezi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwanzoni nilituma udhuru. Baadaye nikaacha kutuma, na wao wakaacha kuuliza kama nakuja. Mama alipofariki walikuja Kurui wote sita, na basi zima la watu nyuma yao. Walikaa jamvini, walipika, waliosha masufuria, mwenye duka alisimamia chakula kama yuko dukani kwake. Siku ya arobaini walikuja tena. Baada ya hapo nyumba yangu ikanyamaza. Kuna siku za Jumapili nilikuwa nafika jioni nikigundua kwamba sijafungua kinywa tangu asubuhi, isipokuwa kwa sala.

Ndiyo maana niliandika, "Mimi nipo."

Tulishonewa sare za kitenge cha bluu chenye maua meupe. Fundi alikuwa na vipimo vyetu vya zamani, vya harusi ya binti wa mmoja wetu, akavitumia hivyohivyo. Wenzangu wote nguo ziliwabana wakawa wanacheka, wanalegeza zipu. Yangu ilinining'inia mabegani kama nimeazima kwa mtu. "Madam umekonda!" alisema mwenye duka tulipokutana Maili Moja asubuhi ya safari, akaninyanyua kitambaa kiunoni kwa vidole viwili. "Tutakunenepesha huko huko." Wakanikumbatia wote. Nilinusa manukato mapya ambayo sikuyajua, maana zamani tulikuwa na chupa moja tunapakana.

Boti ilikuwa inatusubiri jijini, kwenye gati dogo la upande wa kaskazini. Ilikuwa nyeupe, ina ghorofa ya juu yenye viti vya kujinyoosha, na chini vyumba vinne vidogo vyenye vitanda viwiliviwili na kidirisha cha duara. Nahodha alikuwa mwanaume wa makamo mwenye sauti ya taratibu, na chini yake walikuwepo baharia mmoja na mpishi. Mwenye duka alishika kidaftari cha safari akagawa vyumba. Aliita wawili, wakaingia. Akaita wawili wengine. Akamshika mkono mwalimu mkuu, yule wa chumba kimoja nami, akasema, "Huyu wangu, tunakoroma sawa." Kisha akanigeukia na tabasamu.

"Wewe Madam utakaa peke yako. Utapumzika vizuri, si umezoea kukaa mwenyewe?"

"Nimezoea," nilisema.

Aliniambia kwa upendo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Alidhani ananipa chumba kizuri. Niliweka begi langu juu ya kitanda cha pili, nikaona linafanya kile kitanda kionekane kitupu zaidi, nikalishusha chini.

Siku ya kwanza nilifurahi. Sitaki nidanganye kwamba sikufurahi. Bahari ilibadilika rangi mbele ya macho yangu kutoka ya kijivu ya bandarini hadi ile ya kijani niliyokuwa nikiipaka kwa chaki, na chaki ikawa haikusema kweli hata kidogo. Tulipofika kina kifupi unaona mchanga chini na kivuli cha boti yetu kinatembea juu yake. Nilisimama mbele, upepo ukaingia ndani ya ile nguo pana, nikawa nacheka peke yangu.

Ila kila waliponiita nikakae nao, nilikuta mazungumzo yameshafika mahali nisipopajua. "Kama yule mhudumu wa Lushoto!" mmoja alisema, na wote wakaanguka kwa kicheko, mwalimu mkuu akifuta machozi. Nilicheka pia, nikichelewa kidogo. Lushoto walikwenda mwaka ule ambao mama alipata vidonda vya mgongoni. Bagamoyo pia walikwenda. Kulikuwa na wimbo mfupi wa kejeli walioutunga huko, wakauimba wote kwa sauti mbili. Nikapiga makofi. Hakuna aliyenificha kitu; ni kwamba maisha yao yaliendelea, na hadithi zao zilikuwa na milango ambayo mimi sikuwa na ufunguo wake. Mmoja alijaribu kunieleza ule mkasa wa Lushoto kuanzia mwanzo, lakini kichekesho kikielezwa kinakufa, akaishia katikati akasema, "Ungekuwepo ungeelewa."

Tulilala tumetia nanga karibu na Unguja. Kesho yake asubuhi nahodha alitupeleka kwenye kisiwa kidogo kilichojaa mivinje, kisicho na nyumba hata moja. Kina ufukwe mweupe upande mmoja na miamba ya matumbawe upande wa pili. Boti kubwa haikuweza kusogea, kwa hiyo baharia alituvusha kwa boti ndogo ya mpira kwa awamu mbili, nusu yetu kwanza na nusu baadaye. Nahodha alituonya kabla hatujashuka.

"Mama zangu, ogeleeni, pigeni picha, lakini nikipuliza filimbi mrudi. Maji yanatoka. Yakitoka sana boti ndogo haitafika kuwachukua. Chakula cha mchana tutakula kule mbele, kwenye fungu la mchanga."

Simu yangu niliiacha chumbani kwa kuogopa maji ya chumvi. Wenzangu waliingia baharini wakapiga kelele kama watoto. Mimi sijui kuogelea, niliishia maji ya magotini. Baada ya muda nikaamua kuzunguka kisiwa kuona ile miamba. Niliwaambia, "Naenda upande wa pili kidogo," na mtu mmoja akanipungia mkono. Mpaka leo sijajua ni nani.

Upande wa pili ulikuwa ni kama somo langu limetandazwa chini. Miamba iliyoliwa na mawimbi chini ikabaki kama uyoga, mapango madogo, vidimbwi vyenye samaki wa ukubwa wa kucha. Nilichuchumaa kwenye kila kidimbwi. Nilifikiria jinsi nitakavyowasimulia wanafunzi. Mawimbi yalipiga mle mapangoni kwa mshindo, na kama filimbi ilipulizwa, mimi sikuisikia.

Niliporudi ufukweni hapakuwa na mtu. Kulikuwa na alama za miguu nyingi, na mstari mpana mahali ile boti ya mpira ilipoburutwa. Nikatazama baharini. Boti yetu ilikuwa mbali, imeshageuza mgongo, imekuwa ndogo kama kibiriti. Nilivua mtandio nikaupunga. Niliita. Sauti yangu ilinishangaza kwa udogo wake. Nikaupunga ule mtandio mpaka mkono ukafa ganzi, na boti ikapita nyuma ya ncha ya kisiwa kingine, ikatoweka.

Sikuogopa mara moja. Kwanza nilicheka. Nikajiambia watagundua sasa hivi, dakika yoyote wataniona sipo, watageuza. Nikakaa chini ya mvinje nikatazama ile ncha. Nilijipangia hata maneno ya kuwatania. Muda ukaenda, maji yakatoka na kuacha mchanga wenye mikunjo, na ile ncha ikabaki vilevile.

Hapo ndipo nilipowaona wanawake wawili wakija kwa miguu juu ya miamba iliyokauka. Kumbe maji yakitoka, kisiwa kile kinaungana na kisiwa kikubwa jirani, na wao walikuwa wamevuka kuchokoa pweza. Kila mmoja alikuwa na kipande cha nondo mkononi na ndoo kichwani, nguo zimekunjwa kiunoni. Walikuwa wakubwa kwangu, nikainuka.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mmoja, mfupi, mwenye meno yaliyoachana. Alitazama huku na huku. "Wenzio wako wapi?"

"Wameondoka."

"Wameondoka kwenda wapi?"

"Kula."

"Na weye?"

Mwenzake, mrefu kidogo, alishusha ndoo akapiga makofi. "Ati wamekusahau! Mtu mzima na kimo hichi, wamekusahau!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega, nami nikacheka nao, na katikati ya kicheko nikajifuta macho kwa mtandio.

Yule mfupi aliliona hilo. Aliacha kucheka. Alifungua kitambaa akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha na maji kwenye chupa, akaniambia nikae nile. Nilikula. Waliniuliza natoka wapi, nikawaambia Kibaha, lakini kwetu ni Kisarawe. Waliniuliza kama nina mume, nikasema hapana. Watoto? Mmoja, yuko mbali. Mama? Nikasema amefariki. Walisikitika kwa sauti ya pamoja, wakamwombea, na nikatambua kwamba katika siku mbili za boti hakuna aliyekuwa ameniuliza habari za mama. Pengine walidhani wananinusuru.

Walichokoa pweza kando ya miamba kwa muda, nami nikawafuata, nikiona jinsi wanavyojua tundu lenye mnyama na lisilo naye. Walinifundisha kupiga hatua juu ya miamba bila kukata miguu. Halafu maji yakaanza kugeuka. Nilijua yanageuka kabla hawajasema, niliyaona yanavyorudi kimyakimya kwenye mikunjo ya mchanga.

"Twende zetu," alisema mfupi akijitwisha ndoo. "Njia inafunga sasa hivi. Twende kwetu, utakula, utakoga, wenzio watakukuta huko. Hapa hapalaliki."

Nilitazama ile ncha ya kisiwa. "Wakirudi wasinikute hapa, watahangaika."

"Na wasiporudi?"

"Watarudi."

Hakunibishia. "Haya. Sisi tutamwambia kijana wetu mmoja mwenye ngalawa. Jua likianza kushuka na hatujaiona boti yenu, atakuja. Usiondoke hapa kwenye mchanga." Aliniachia ile chupa ya maji. Wakaenda, mmoja nyuma ya mwingine, maji yakiwafika vifundoni, halafu magotini, na yule mrefu akageuka mara moja kunipungia.

Kuachwa na wenzangu kulinichekesha kwanza. Kuwaona wale wawili wakiondoka, ambao nilikuwa nimewajua kwa muda wa kula muhogo, ndiko kulikonivunja. Nilikaa mchangani nikalia kwa sauti, kilio ambacho sikukilia Kurui, kwa sababu Kurui watu walikuwa wengi na mimi nilikuwa nahakikisha wageni wamepata chai. Nilimlilia mama. Nililia jinsi nilivyozoea kuamka usiku kumgeuza na sasa naamka na sina wa kumgeuza. Nikasema kwa sauti, "Nimechoka kukaa peke yangu." Sikuwahi kuyasema maneno hayo kwa mtu, wala kwa mwanangu kwenye simu. Yalitoka rahisi sana pale pasipo na wa kuyasikia.

Nilipomaliza nilinawa uso kwa maji ya bahari, macho yakawasha zaidi. Nikasubiri.

Boti ilitokea nyuma ya ile ncha jua likiwa bado kali. Ilisimama mbali, ikashusha ile ya mpira, na kabla haijafika nilisikia kelele zao. Mwenye duka alikuwa amesimama ndani yake, baharia akimsihi akae, simu ameinyoosha mbele ananirekodi. Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Jamani! Madam wetu! Robinsoni wa Kibaha, kama yule wa kitabuni aliyebaki kisiwani! Sema kitu, sema kitu kwa watazamaji!"

Nikacheka. Nikapunga mtandio. Nikasema, "Nimenunua kisiwa, shukeni mlipe kiingilio." Wote wakapiga kelele za furaha. Walinikumbatia nikiwa nimelowa, wakaniomba msamaha wakipokezana, wakaeleza kwa pamoja: waliorudi awamu ya kwanza walidhani nitakuja na ya pili, wa pili wakadhani nilishatangulia na ya kwanza. Walipopanda, mmoja alisema pengine nimejilaza chumbani. Na kwa kuwa chumba kilikuwa changu peke yangu, hapakuwa na mtu wa kuingia akanikosa.

Nahodha hakucheka. Aliniambia, "Mama, nisamehe. Kuhesabu watu ni kazi yangu," akashuka chini, na siku zote zilizobaki alisimama mlangoni akituhesabu kwa kidole kila tulipopanda. Nilimwomba apige simu kwa watu wa kile kisiwa kikubwa, yule kijana wa ngalawa asije kuhangaika bure. Akawapata, akawaeleza.

Ile video ilitumwa jioni hiyohiyo. Mwanangu aliiona Mbeya, akanitumia vikatuni vya kucheka. Wanafunzi wangu walishaiona kabla sijarudi darasani. Ukiitazama unaona mwanamke mwenye nguo ya bluu iliyompwaya, anapunga mtandio, anatania. Ni video nzuri. Hata mimi nikiitazama naona mtu aliyefurahi.

Jioni ile, wenzangu walipokuwa chini wakibadilisha nguo kwa ajili ya chakula, mwalimu mkuu alipanda juu akanikuta nimekaa. Alivuta kiti, akakaa. Tulikaa hivyohivyo zamani, kila mtu kitandani kwake, tukisahihisha madaftari.

"Macho yako yamevimba," alisema.

"Chumvi."

"Mwenzangu, mimi nimelala na wewe chumba kimoja. Najua ukilia unakuwaje."

Nilimuuliza kitu nilichokuwa nacho kifuani tangu wanichukue. "Mligunduaje kwamba sipo?"

Alitazama mikono yake. Angeweza kunidanganya. "Mpishi aligawa chakula. Sahani moja ikabaki. Akauliza hii ya nani."

"Mlikuwa mmeanza kula?"

"Tulikuwa katikati."

Nikatikisa kichwa. Sikuwa na hasira, na kukosa hasira kuliniuma zaidi, maana ningekuwa nayo ningekuwa na cha kushika.

"Umekuwa kimya muda mrefu sana," alisema. "Tumeuzoea ukimya wako. Mtu akiwa hasikiki siku zote, siku asiyokuwepo unaijuaje?" Sauti yake ilikatika. "Na mimi niseme langu. Nilikuwa nakupigia wakati mama anaumwa, na nilikuwa namsikia nyuma ya simu anaugua. Nikawa sijui niseme nini. Nikaanza kuahirisha. Kesho, kesho. Alipofariki nikaona aibu kuanza upya."

"Ungesema chochote. Ungeniambia hata bei ya nyanya."

Tukacheka kidogo. Halafu nikamwambia. Nilimweleza habari za Jumapili zangu, kwamba kitanda cha mama bado kipo kama kilivyokuwa, na yale niliyoyasema pale mchangani. Hakunipa ushauri. Alisogeza kiti mpaka mabega yetu yakagusana, tukakaa hivyo mpaka wakatuita chakula. Usiku ule alihamishia mto wake chumbani kwangu, akalala kwenye kile kitanda cha pili. Alikoroma kweli. Nililala usingizi mzito.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo kila kitu kilibadilika. Tuliagana Maili Moja, kila mtu na begi lake na ndugu wa kumpokea. Mimi nilichukua bodaboda hadi Visiga. Nyumba ilinuka kufungwa. Nilifungua madirisha, nikachemsha maji ya chai, nikasikia mlio wa sufuria tu.

Mwalimu mkuu alinipigia kila Ijumaa kwa muda. Likizo tulikwenda naye Kurui siku moja, akanisaidia kuokota korosho, akaniuliza habari za mama nilizotaka kuulizwa: alikuwa akiimba nini akipika, alimkasirikia nani. Aliondoka alasiri, ana watoto wa mwanawe wanaomsubiri. Baadaye shule yake ikaelemewa na mitihani na simu zikapungua. Simlaumu. Nimeelewa kwamba mtu hawezi kuwa wa kupigiwa tu.

Kitanda cha mama nilikigawa kwa jirani aliyekuwa na mgonjwa. Nimeanza kukaa shuleni baada ya vipindi na wale wanafunzi wasiopenda kuwahi nyumbani, ambao nao wana sababu zao. Lakini Jumapili bado ni ndefu.

Jumapili moja, si zamani, nilichukua simu nikampigia mwenye duka. Yeye hafungi siku yoyote. Alipokea haraka, sauti imejaa wasiwasi.

"Madam! Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa?"

"Nimepiga tu."

Nilisikia lori likirudi nyuma hapo dukani kwake, na mtu akipiga kelele liende kushoto. Nilidhani atasema ana kazi, tuongee baadaye, na ningemwelewa.

"Umepiga tu," alirudia, taratibu, kama anajaribu maneno ya lugha ngeni. Halafu akasema, "Haya. Kuna mteja hapa anataka misumari, ngoja nimhudumie. Usikate. Umenisikia? Usikate."

Akaiweka simu mezani. Nilimsikia akimuuliza mteja inchi ngapi, akimwambia hizo ni za mbao na siyo za bati, akibishana naye, akicheka. Mteja alitaka na waya, wakaenda mbali kuutafuta. Mimi nilikaa kwenye kiti cha sebuleni, simu sikioni, nikisikiliza watu wakiingia na kutoka.